Nani Kalala Zamu

Baba alikuwa stesheni masta, Bahi,
enzi za kijiti: chuma kwenye pete ya waya.
Dereva asipokipokea mkononi
treni haing'oki, hata kama ndani yumo mkuu wa mkoa
na keki ya harusi yake inayeyuka.
Njia moja, kijiti kimoja.
Miaka ishirini na saba, hakuna mabehewa
yaliyobusiana kwenye zamu ya Mzee Ndahani.

Leo, Dodoma mjini, kantini ya hospitali,
ananiuliza mimi bintiye, mpaka-rangi wa vigae vya kioo,
nimeona nini kwenye kile kinyama
walichokikata shingoni mwake.

Naanzia mbali.
Baba, seli haijigawi kwa kuwa tu imeshiba.
Inangoja. Kuna vimeng'enya, maafisa wadogo,
wamekaa mchana kutwa na muhuri mezani,
hawagongi mpaka aje mwenzao, saiklini,
anayeongezeka polepole kama maji ya bomba letu kwenye pipa.
Akitimia, muhuri unashuka:
fosfeti hapa, na hapa, na hapa.

"Fosfeti? Ile ya mbolea?"

Hiyohiyo.
Njia inafunguka, nyuzi za urithi zinanakiliwa,
halafu saiklini anachanwachanwa
asije akatumika mara mbili.

Anafurahi kabisa. "Tiketi lazima itobolewe."

Na wakaguzi wapo. Nakala ikichanika
wanasimamisha kila kitu. Isipotengenezeka
seli inaamriwa ife, nayo inakufa,
kimya, bila kesi.

Upepo wa Agosti unapenyeza vumbi chini ya mlango.
Chai yake imefanya utando.
Sijafika bado kwenye juzi usiku,
nilipoinamia hadubini
nikaona zambarau juu ya zambarau,
seli zinaondoka bila kijiti,
mbilimbili, nne, njia ileile,
na pembeni ya kioo, kwa mwandiko wangu: Ndahani.

Anaweka kiganja mezani, amekilaza,
kama alivyokilaza zamani juu ya reli
kusikia kinachokuja kabla hakijaonekana.
Hamtaji Mungu. Halitaji lile jina.

"Nani," anauliza, "kalala zamu?"

Mkaguzi mmoja, Baba. Labda wawili.

Anakunywa chai, na utando wake,
mpaka chini.
"Hao," anasema, "waandikiwe barua."