Mgongo na Tumbo

Yalianzia kwenye kijiko cha uji.
Igawilo, ukungu umeingia hadi madawatini,
Mwalimu Kyando akakipitisha mkono kwa mkono:
"Mgongo kwanza. Haya, tumbo. Mnaona nini?"
Mgongoni nilikuwa mdogo, na darasa zima nyuma yangu,
dirisha, na milingoti yote ya nje.
Tumboni nilining'inia miguu juu kama popo.
Akaandika ubaoni: mbinuko, mbonyeo.
Mimi nikaandika: mgongo, tumbo. Mpaka leo.

Leo nauza vioo vya malori Uyole,
pale njia ya Tukuyu inapoaga njia kuu.
Dereva akija nampa cha mgongo.
Cha mgongo huona mapana:
bodaboda ya ubavuni, mama na gunia lake la viazi,
utingo anayekojolea tairi,
vyote vimekunjwa vikaenea kiganjani.
Ila namwonya, na kwa hili simtozi:
"Unachokiona kiko mbali, kimeshafika."

Cha tumbo hukaa ndani ya taa.
Nimezifungua nyingi, zilizorudi na majeraha ya Kitonga:
bakuli linalong'aa, na balbu imekaa
pale pale miale ingekutania.
Ndipo mwanga hutoka umenyooka kama reli
kuupasua ukungu wa Mlima Nyoka.
Isogeze balbu upana wa ukucha,
utapata taa yenye makengeza.

Na shemeji yangu Tusekile, kule Isyonje,
alibandika karatasi za pakiti za biskuti
ndani ya mwavuli uliovunjika mpini,
akauelekeza juu.
Viazi vikachemka. Julai!
Jua lile lile lililoshindwa kunipasha vidole.
Halikuongezwa hata chembe,
liliitwa tu mahali pamoja.

Cha baba siuzi.
Ni cha kunyolea, cha tumbo, kutu imekila ukingo.
Alfajiri za safari ya Ndola alikisogelea,
shavu lake likajaa kioo kizima, kila kinyweleo shina.
Mimi mlangoni nikijiona pembeni ya shavu hilo,
kadogo, kichwa chini.
"Sogea," akasema bila kugeuka.
Nikasogea, nikavurugika, nikawa utusitusi.
"Sogea tena."
Nikatokea wima, mkubwa,
mapovu ya sabuni puani,
pua zetu mbili zilizofanana kwa ubaya.

Kisha honi. Kisha lori likashika mteremko.
Kwenye kioo chake cha mgongo
nilipunga mkono mpaka nikawa nini? Punje? Nukta?
Sikumwuliza aliporudi. Alirudi na vitenge na usingizi.

Elfu thelathini, kaka, na skrubu zake.
Kifute kwa kitambaa, usifute kwa mkono.
Na huko nyuma kuna mtu anakupungia,
mtazame kabla hujakata kona.