Jembe la Ngoma

Kule Bukumbi, baba alirusha jembe juu,
likazunguka mara tatu, likamrudia kiganjani.
Ndipo mama alipompenda.

Hapa Bugarika nyumba imeng'ang'ania jiwe
kama kupe.
Jembe linaning'inia msumarini
kando ya gauni la mama, linalonuka sangara wa kiwandani.

Siku ya gongo
mimi na Kwilasa tunahesabu:
mlango, sufuria, mama.
Kisha kimya.

Leo asubuhi, jicho limevimba,
mama kalichomoa jembe,
kateremka nalo mawe hadi Mabatini,
karudi na unga kilo mbili.

"Liko wapi?" baba akauliza.
"Kula."

Akala.
Kiganja chake cha kushoto kikabaki wazi mkekani,
kama kinachongoja kitu kishuke.