Sala Niliyorithi

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi
ukumbi wa bati wa Wacheki, nje ya mji wa pamba
huku Chaco, kaskazini mwa Argentina,
hufunguliwa kwa ufunguo wenye uzi mwekundu
ambao Bwana Otakar hulala nao chini ya mto.
Sikuwa nikienda.
Nilikuwa na miaka arobaini na sita, na udhuru kwa kila mwezi:
mtoto, mvua, trekta, kichwa.

Mama alikufa Julai.
Nikabaki mimi, wa mwisho kwetu
mwenye kujua maneno kumi ya Kicheki,
sala aliyotuachia bibi Anežka,
isiyoandikwa popote ila ulimini.
Bibi aliisema alfajiri akitoka na plau,
akaisema magharibi akirudi.
Mimi niliisema nikizaa.
Niliisema juu ya jeneza la mama, polepole,
na padre, Mtaliano, akainamisha kichwa.

Basi Desemba nikaenda.
Desemba huku ni tanuri.
Feni tatu, moja mbovu. Nzi.
Mezani, maandazi ya duara yenye kibonde katikati;
kwao hujazwa plamu,
hapa plamu haioti, tumezoea mapera.
Květa, mikono imejaa unga, akaniuliza ukoo.
Řehák, nikasema, nikakosea,
naye akalisema tena taratibu
kama mtu anayenyoosha shati lililokunjamana.
Lugha ile ina r moja yenye miiba,
r na sh wamefungwa gunia moja wapigane;
ulimi wangu wa Kihispania huipita kando
kama nyumba yenye mbwa mkali.

Kila mtu aoneshe alicholeta, wakasema.
Huyu picha. Yule mwiko wa mbao uliovuka bahari.
Mimi nikasimama, nikafumba macho,
nikaisali sala ya bibi, maneno yote kumi.

Kimya.
Feni.
Kisha Bwana Otakar akaanza kukohoa,
nikadhani andazi limempalia,
kumbe ni kicheko,
kikamrukia Květa, kikapita meza hadi meza,
wazee wazima wanafuta machozi kwa kitambaa cha meza.
"Binti yangu," akasema, "hiyo si sala.
Hiyo ni: *Songa, mvivu wewe,
tope magotini, na mkate bado haujaokwa.*
Bibi yako alikuwa akisema na nyumbu."

Nilitaka ardhi inimeze.
Nikamwona padre, kichwa chini.
Nikamwona mama, jenezani, akisindikizwa kwa maneno ya plau.
Halafu nikamwona bibi,
miaka kumi na tisa, amebebeshwa mume wa kimya,
vichaka vya miiba mbele yake hadi mwisho wa macho,
na katika nchi nzima hiyo
hana wa kumsemesha lugha ya mama yake
ila mnyama mmoja mwenye masikio marefu.
Alimsemesha asubuhi. Alimsemesha jioni.
Ndipo nami nikacheka,
nikacheka mpaka Květa akanishika bega,
akaniachia alama ya unga, vidole vitano.

Siku hizi, kabla ya maandazi kuguswa,
huwa yuko mmoja wa kuniita kutoka jikoni:
Songa, mvivu wewe!
Na ukumbi mzima: Tope magotini!

Mwanangu wa miaka tisa ameipata ile r.
Huitamka makusudi, usoni pangu,
mdomo umejaa mapera.
Mimi bado.
Nakaribia lango, mbwa anabweka, narudi.