Mkono wa Kulia wa Tallak

Kiwiliwili alikiacha tayari,
kimelala kitini pake kama mtu aliyechoka,
bomba moja jeusi lisilo na mabega,
limejaa chawa weupe kifuani.
Ndivyo tuviitavyo huku Setesdal vidoa vile vya sufu,
na mgeni akicheka tunamwacha acheke.

Mkono wa kushoto alishaumaliza.
Wa kulia haukuwepo.
Palikuwa na mabonge manne ya uzi, sindano,
na mama, Gyro, ana wiki tatu kaburini,
ardhi ilivyoganda hata ikabidi uwashwe moto
kabla ya sururu.

Nikafuma. Mkono wangu mimi mlegevu,
wa mama ulikuwa unabana,
basi nikachukua sindano nyembamba zaidi,
nikapima shibiri kwa shibiri, nikahesabu safu
kama karani anayeogopa ukaguzi:
mia na thelathini na mbili huku,
mia na thelathini na mbili kule.
Mapacha.

Kisha mkasi.
Hujaujua woga mpaka ukate alichofuma marehemu.
Nilipitisha cherehani mistari miwili,
nikavuta pumzi, nikakata katikati yake
toka begani hadi kwapani.
Vitanzi viling'ang'aniana,
hakikutoroka hata kimoja.

Kuunga ni kazi ya usuluhishi.
Tundu la bega lina safu zake,
mkono una vitanzi vyake,
na hesabu zao hazijapata kukubaliana tangu kondoo wa kwanza anyolewe.
Vitanzi vitatu kwa safu nne, vitatu kwa nne,
huyu anabanwa kidogo, yule anavutwa kidogo,
kama ndugu wawili chini ya blanketi fupi.
Pale kwapani uzi hupita mara mbili,
maana hapo ndipo nguo huanza kukata tamaa.

Tallak alikuja Jumapili,
harufu ya msonobari, unga wa msumeno kwenye nyusi.
Akavaa. Akafunga vishikizo mpaka kooni.
Kushoto kulikaa.
Kulia, kiwiko cha mkono kilibaki nje chote,
chekundu kwa baridi.
"Itanyooka nikiivaa," akasema,
akautia mfukoni.

Usiku nikafungua kabati.
Sweta zake zote nikazitandaza sakafuni:
ya kipaimara, ya jeshini, ile ya harusi iliyoliwa na nondo.
Nikapiga magoti na taa, nikahesabu.
Kila moja, mkono wa kushoto
umepungukiwa safu saba.

Gogo pale mtoni Otra, mwaka nilipokuwa na miaka minne.
Gogo nalikumbuka, na kelele.
Sikukumbuka mfupa uliounga vibaya.
Tallak naye alishausahau;
miaka yote alidhani ni maduka tu
yasiyojua kushona koti.

Hakusema, mama. Hakuandika popote,
hata nyuma ya kalenda alikoandika mayai na madeni.
Na mimi karani, na mapacha wangu!

Nikafumua kiungo chote, taratibu,
uzi ukitoka umejikunja
kama unaokumbuka ulipokuwa.
Nikarudisha vitanzi sindanoni.
Safu moja. Mbili.
Kwenye ya nne mbwa wa jirani alibweka, nikapoteza hesabu,
nikaanza tena.
Ya saba nilipofika kulikuwa kumekucha, chai imepoa,
na huko chini Otra ilikuwa ikipasua barafu yake.

Nikatunga uzi kwenye sindano ya kushonea,
nikaanzia kwapani, mara mbili,
halafu kupanda:
vitatu kwa nne,
vitatu kwa nne.