Mkia wa Kitenzi

Baba hupiga lipu nyumba za watu, Toronto,
na kila Jumanne jioni, saruji ingali kwenye nyusi,
hujibana katika dawati la mtoto wa darasa la nne
amsikilize Bi Pruitt.

Kuna vitenzi, asema Bi Pruitt, vinavyofuatwa na mkia.
Vingine hutaka kijineno katikati,
mfano wa bawabu.
Kufurahia: mkia. Kutumaini: bawabu.
Kwa nini? Baba aliuliza.
Bi Pruitt akafuta ubao.

Kisha kikaja cha kuacha, ndumilakuwili:
kifuatwe na mkia, umeachana na sigara;
kifuatwe na bawabu, umesimama njiani
uiwashe.

Mwezi wa pili, zahanati ya Mtaa wa Dundas,
daktari alitaka jibu kwa maandishi.
Baba aliandika polepole, ncha ya ulimi nje,
herufi nene kama anakandika ukuta.
Nikasoma begani kwake. Bawabu!

“Umekosea, Baba. Hapa umesema ulisimama ukavuta.”

Akatazama dirishani.
Kando ya duka la samaki la Furtado
theluji ilikuwa na nyayo za buti kubwa, zikienda, zikirudi,
na kipisi kimoja
kilichojitobolea tundu la kahawia.

“Mama yako,” alisema, “hasomi Kiingereza.”

Akainuka, akaipeleka karatasi mapokezi
bila kufuta neno.
Mwaka mzima wa madaftari mekundu kwa masahihisho,
na sentensi yake ya kwanza isiyo na kosa
Bi Pruitt hakuiona.