Daftari la Mikimbio

Asubuhi ya pili yake, duka la Taherali
halikuuza hata msumari.
Tulikaa juu ya mikebe ya rangi, watu watano,
tukaipasua mechi
kama maiti inayodaiwa sababu.

Mwenye daftari ni mimi.
Tangu meno yangu yatimie naandika kila mpira:
nukta kwa sifuri, msalaba kwa aliyetoka,
penseli nyuma ya sikio, kifutio mfukoni.

Tulihitaji mia moja thelathini na mbili.
Ova ya kumi na nne tulikuwa tisini na nane kwa watatu.
Tisini na nane kwa watatu, jamani!
Hapo hata mama mkwe angemalizia
na buibui lake halijamteleza.

Kisha mikimbio kumi na tisa, wiketi saba.
Nimehesabu mara nne.
Penseli haisemi uongo,
ila usiku ule niliiombea ijikwae.

Kahindi, fundi wa vigae, alimshika kapteni:
"Mpira ule si wa kufagia!
Ule unauacha upite, unautazama pembeni
kama mdai wako njiani Barani."
Shekuwe akakishika chama:
posho haijalipwa tangu kabla ya mfungo,
na mtu hakimbii vyema na deni la viatu.
Taherali akalaumu umande, akalaumu nyasi,
akamlaumu mwamuzi na macho yake,
na chai ilipokwisha
akawalaumu vijana wa siku hizi, wote kwa jumla.

Mdharau biu hubiuka, akasema mmoja wetu.
Tukatikisa vichwa
kama watu walioisikia methali tangu utotoni
na hawajapata kuitii.

Bi Esha alikuwa ameleta mahamri na mbaazi,
anangoja pesa yake mlangoni.
Kriketi haijui, na hajaomba kuijua.
"Na hao waliowashinda," akauliza, "ni kina nani?"

"Vijinchi tu," akasema Taherali.
"Hawana hata uwanja wao. Kocha wao ni mwalimu wa shule."
"Sikuuliza walichokosa.
Nimeuliza ni kina nani."

Nikafungua daftari.
Upande wetu, majina kumi na moja, kwa wino, na herufi za kwanza za baba zao.
Upande wao:
Wa kwanza. Wa pili. Mrefu.
Mwenye kofia.
Yule wa kushoto.

Yule wa kushoto: ova nne, mikimbio tisa, wiketi tano.

Ndipo uliponijia mkeka wa katani,
tulioupigilia misumari nyuma ya shule, juani,
siku klabu kubwa ya Mombasa ilipokuja
na sufuria yake ya biriani, isile chetu.
Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Niliwatoa sita.
Wa mwisho aliutazama mkeka, hakunitazama mimi.

Gazeti liliandika mistari minne:
joto lilikuwa kali, mkeka ulijikunja,
mpigaji wao hodari aliumwa na tumbo.
Malindi ilitajwa mara moja,
kama mahali jambo lilipotokea.
Nilikikata kipande kile hata hivyo.
Kimo kwenye sanduku, pamoja na cheti cha ndoa.

Nikamwazima simu kijana wa Taherali.
Majina yao yalikuwapo, yote,
hayakuwa yamefichwa na mtu.
La yule wa kushoto lina konsonanti tatu zilizobanana
kama abiria wa jumuiya, na ncha juu ya herufi ya nne.
"Soma," akasema Bi Esha.
Nikasoma vibaya. "Tena."
Nikasoma.

Kisha nikatoa kalamu, si penseli,
nikaliandika polepole, herufi baada ya herufi.
Kisanduku kilikuwa kidogo.
Jina likauvuka mstari wa katikati,
likaingia upande wetu.

Kifutio kilikuwa mfukoni.
Taherali alikuwa bado anamtafutia Bi Esha chenji.