Waipa za Pijo

Mvua ya Aprili haikubisha hodi.
Ilinikuta Barabara ya Ngong
ndani ya Pijo aliyoniachia baba,
na waipa zikasimama katikati ya kioo
kama watu wawili waliosahau walichokuwa wakibishania.

Nikabonyeza swichi. Kimya.
Nikabonyeza tena, kama mtu anayegonga mlango
wa nyumba anayojua ina watu.
Nikatoa kichwa dirishani,
jicho moja barabarani, jicho moja mtaroni,
hadi kwa Nyamweya, fundi wa umeme,
ambaye gereji yake ni turubai, betri moja
na kiti kilichong'olewa kwenye Subaru.

"Usiniambie mota imekufa," alisema kabla sijafungua mdomo.
"Kila mtu huniletea maiti. Mimi kwanza napima mapigo."

Fyuzi: nzima.
Akachomoa soketi, akaigusa kwa taa yake ya kupimia,
balbu ya indiketa aliyoiunga nyaya mbili.
Ikawaka. Stima inafika.
"Basi chakula kiko mezani," akasema, "na mlaji hali. Kwa nini?"

Sikujua. Baba alijua, au alidhani anajua.
Alifunga kamba ya kiatu kwenye waipa zote mbili,
akaipitisha madirishani,
yeye akivuta upande wake, mama akivuta wake,
Kariobangi hadi Machakos,
vuta, achia, vuta,
miaka sita.
Sisi wa kiti cha nyuma tulicheka.
Mkono wa kushoto wa mama ulilowa hadi kwapani
na hakuwahi kusema neno.

Nyamweya akachukua waya mweusi,
ncha moja kwenye kiwiliwili cha mota,
ncha ya pili kwenye betri, upande wa hasi.
Waipa zikaruka kama zimeitwa kwa majina.

"Umeona? Mota haina kosa. Imekosa ardhi."

Imekosa ardhi.
Na baba, risiti za kampuni ya mashamba
zimekunjwa ndani ya Biblia,
ploti nambari mia nne na kumi na mbili,
ambayo hakuna aliyewahi kumwonyesha kigingi chake.
Nilitaka kucheka, koo likakataa.

Chini ya mota, skrubu moja tu,
imevimba kutu kama ukoko wa ugali.
Akaifungua, akakwangua kwa msasa
mpaka bati likang'aa,
akapaka grisi, akakaza.
Mia tatu. Nilimpa mia tano,
akanirudishia mia mbili: "Sijakuuzia mota."

Jioni nikampitia mama kanisani, mvua ingali inanyesha.
Waipa ya kushoto inalia kidogo ikifika mwisho, kwii.
Mpira umezeeka, nitaubadilisha.
Mama hakuuliza kitu.
Alizitazama zikienda, zikirudi,
na mkono wake wa kushoto, pale juu ya paja,
ukavuta,
ukaachia,
ukavuta.